Iko, eko, niko: shajara ya mchezo wetu wa redio

Tarehe 3 Mei

Tumeanza. Tuko wanne: mimi ninayeandika, Yaya anayeshika daftari la pesa (daftari lina karatasi nyingi kuliko pesa), kijana wa sauti mwenye kompyuta na maikrofoni moja, na Muzee, mwigizaji wetu, ambaye amekubali kucheza watu wawili kwa malipo ya mtu mmoja. Studio ni chumba cha nyuma kwa Yaya, hapa Katuba, mjini Lubumbashi. Magodoro mawili yameegemezwa ukutani, blanketi limetundikwa mlangoni. Jogoo wa jirani hatujampatia dawa.

Mchezo utakuwa na vipindi vitano, kila kimoja dakika kumi na mbili. Hadithi kwa ufupi ni hii. Mbuyi ni mzee aliyefanya kazi mgodini miaka thelathini na moja na sasa anadai mafao yake. Kila wiki ofisini wanamwambia arudi wiki ijayo, na mlolongo huanza saa kumi alfajiri. Miguu imechoka, kifua kimejaa vumbi. Mwanawe aliye Ulaya anamtumia zawadi: mtu wa kuundwa, mwenye sura yake, sauti yake na hata kikohozi chake, aende akamsimamie mlolongo. Siku hiyo hiyo majirani wanampa jina: Dupulikata.

Jina hilo halikuhitaji kufikiriwa. Hapa kwetu nani hajapoteza kadi ya mpiga kura? Na kwa kuwa kadi ndiyo kitambulisho chetu cha kila siku, nani hajaenda kuomba dupulikata? Ni karatasi inayosema: asilia imepotea, hii ishike nafasi yake. Katika mchezo wetu asilia haijapotea. Imekaa nyumbani inakunywa chai.

Tarehe 10 Mei

Wiki ya kusoma. Sikutaka tujikute tumeandika kitu ambacho wengine walishakiandika miaka mia moja iliyopita.

Muzee anaposikia neno roboti anaona zile za Kinshasa, zile za aluminiamu zilizosimamishwa kwenye njia panda tangu 2013, kazi ya injinia Thérèse Izay Kirongozi. Zinakula jua, zinainua mkono, magari yanasimama. "Ile inasimamisha magari," Muzee alisema, "lakini haijiulize juu ya nini."

Nikamwambia kwamba roboti wa kwanza kuitwa hivyo hawakuwa na chuma hata kidogo. Neno lilitoka kwa Mcheki Karel Čapek, katika mchezo wa jukwaani alioutoa mwaka 1920 na ukachezwa Prague mwaka 1921. Mwenyewe alilipata kwa kaka yake Josef, mchoraji, na shina lake ni robota: kazi ya shuruti, ile ambayo mkulima alimfanyia bwana wa ardhi bila malipo. Roboti wa Čapek wanakandwa kama unga wa mkate, nyama na mishipa, ila hawana roho kwa sababu roho ingewachelewesha kazini.

Yaya akacheka. "Basi roboti ni mtu wa salongo."

Muzee hakucheka. Yeye aliifanya salongo, ile kazi ya lazima ya umma enzi za Mobutu, jembe mkononi, wakiimba huku wamenuna. Akauliza swali moja tu: "Na walikataa kazi lini?" Nikamjibu kwamba mmoja wao, Radius, anakataa mapema, na ndipo watu wa kiwandani wanapogundua kuna kitu kimebadilika ndani. Daktari wa kiwanda alikuwa amewarekebisha wachache kwa siri. "Unaona," akasema Muzee. "Mutu anajijulia pale anakataa."

Nimekaa na neno hilo siku tatu. Linafaa kwa mtu anayebebeshwa. Dupulikata wetu habebeshwi kitu. Anaombwa asubiri. Je, mtu anakataaje kusubiri? Katika rasimu ya kwanza nilimfanya avunje kioo cha dirisha la karani. Nimeichana. Ilikuwa sinema ya mtu mwingine.

Tarehe 24 Mei

Kipindi cha kwanza kimeandikwa, na nimekwama mahali ambapo sikutegemea. Nilijiandaa kukwama kwenye falsafa. Nimekwama kwenye sarufi.

Mwandishi wa Kifaransa anaweza kujaza kurasa kumi na il, msomaji asijue kama anasimuliwa kitu au mtu. Il ni kabati, il ni mjomba. Kiswahili hakikupi maficho hayo. Ukifungua tu mdomo, umeshaamua. Dupulikata limesimama au Dupulikata amesimama? Sentensi ya kwanza kabisa ya msimulizi, kabla hata jambo lolote halijatokea, tayari imetoa hukumu.

Nimekuwa nikiwaza maneno ninayoyatumia kila siku darasani bila kuyatazama. Kijana, kipofu, kiongozi: yote yamevaa ki- ya vitu, lakini tunasema kijana amekuja. Anayesema kijana kimekuja anachekwa. Uhai unashinda umbo la neno. Kisha geuza upande wa pili: ukitaka kumtukana mzee wa watu, huhitaji tusi. Mwite kizee hiki, umemaliza.

Halafu kuna zimwi. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Tazama hapo: zimwi linajua. Linamtambua mtu, linakumbuka, linajizuia, linaamua limbakize kidogo. Akili zote hizo, na bado wahenga walilipa li-. Hawakulipa a-. Nimelizungusha jambo hili kichwani mchana kutwa hadi bukari, ugali wetu, ikapoa. Kumbe kujitambua peke yake hakumpi mtu ngeli. Ngeli anapewa na wanaomsema.

Sasa, tunacheza kwa Kiswahili kipi? Hili tulibishana dakika tano tu. Kundi la maigizo la Mufwankolo lilichekesha mji huu kwa Kiswahili cha mji huu, na hakuna aliyelalamika kwamba haelewi. Muzee: "Ukichekesha kwa Kiswahili ya masomo, unachekesha mwalimu peke yake." Mwalimu ni mimi. Nilimeza.

Basi Kiswahili cha Lubumbashi, na hapo ndipo mlango ulipofunguka. Ngeli nyingi za vitabuni sisi tulishaziacha njiani. Meza iko, gari iko, kitabu iko. Lakini mutu eko. Vitu vingi biko, watu wengi beko. Zimebaki irabu mbili zinazosimama mpakani: iko na eko. Mtu akizungumza haraka sikio linaweza lisiipate tofauti, na redio ni sikio tu.

Kwa wasomaji wa Dar na Mombasa, mjue pia kwamba hapa kwetu neno hilo hilo linafanya kazi ya "ni". Miye niko mwalimu. Niko Lubumbashi. Kwa hiyo mtu wa huku akisema niko tu, bila kuongeza, amesema nipo, na amesema ndimi, kwa mkupuo mmoja.

Nimechora jedwali na kulibandika kwenye godoro la studio. Karani wa ofisini anasema iko mwanzo hadi mwisho, hata siku anapomwonea huruma. Mke wa Mbuyi anaanza na iko, na katika kipindi cha tatu linamtoka eko katikati ya sentensi, anajisahihisha, anachelewa. Mbuyi mwenyewe anasema eko tangu siku ya kwanza, kwa sababu ya ukarimu au kwa sababu ni sura yake. Lakini katika kipindi cha nne akikasirika anamteremshia iko mbele ya wageni. Hakuna kofi lolote katika mchezo huu litakalouma kuliko hilo.

Na Dupulikata? Anajisema kama kitu cha pembeni: "Dupulikata iko tayari." "Dupulikata inangojea." Neno niko nimelifungia sandukuni. Litatoka mara moja tu.

Tarehe 7 Juni

Baridi ya Juni imeshuka. Asubuhi unaona pumzi yako mwenyewe, na Muzee anarekodi akiwa na kofia ya sufu na koti mbili. Kijana wa sauti analalamika kwamba koti zinasikika. Zinasikika kweli.

Tatizo la wiki: mtu mmoja, sauti moja, wahusika wawili wanaofanana kwa kila kitu. Kwenye sinema unamwona mmoja amekaa na mwingine amesimama. Redioni, Mbuyi akimwambia Dupulikata "kaa", msikilizaji anasikia mzee anayejisemesha. Kijana akaleta dawa aliyoiona kwenye intaneti, akaipitisha sauti ya Dupulikata kwenye kichujio, ikatoka na mlio wa bati. Tulisikiliza dakika mbili. Yaya akasema inafanana na tangazo la sabuni. Nami nikasema kama ina mlio wa bati basi siri imekwisha, majirani hawana sababu ya kubishana.

Nikawasimulia kitabu cha zamani cha Kifaransa nilichokisoma chuoni, L'Ève future ya Villiers de l'Isle-Adam, ya mwaka 1886. Humo mwandishi anamchukua Edison, yule wa taa, anamfanya mhusika, anamfanya aunde mwanamke wa bandia kwa mfano wa mwanamke hai. Jina la huyo wa bandia ni Hadaly, na mapafu yake ni fonografu mbili za dhahabu. Maneno yote yamerekodiwa humo mapema. Anavuta pumzi na anacheza rekodi, ni kitendo kimoja. Kijana wa sauti alisahau baridi. Alitaka kujua kama dhahabu haikwaruzi sauti.

Suluhisho lilitoka kifuani kwa Muzee mwenyewe, kwa kuwa anakohoa. Si maigizo, anakohoa kwelikweli, na alikuwa akiomba msamaha kila mara anapoharibu rekodi. Nikamwambia asiombe. Mbuyi amekula vumbi la mgodi miaka thelathini na moja, atakohoa. Na Dupulikata, kwa kuwa ameumbwa afanane naye kabisa, atakohoa vilevile ingawa kifua chake ni kipya kutoka kwenye sanduku. Vipindi viwili vya mwanzo wanakohoa wote wawili. Msikilizaji atacheka.

Halafu, katika kipindi cha tatu, mlolongoni, saa kumi na moja alfajiri, mzee aliye mbele yake anakohoa hadi anakaa chini. Dupulikata anamshika. Anatulia. Anavuta pumzi, msikilizaji anangoja kikohozi, hakiji. Hakiji tena hadi mwisho wa mchezo.

Hapo ndipo ilipo kazi nzima. Darasani huwa nawaeleza wanafunzi jaribio la Gordon Gallup, la mwaka 1970: sokwe alilazwa kwa dawa, akapakwa rangi nyekundu juu ya jicho, akaamka akawekewa kioo. Hakugusa kioo. Aligusa paji lake mwenyewe. Redioni hatuna kioo wala rangi. Tuna kikohozi ambacho mtu mmoja amegundua si chake.

Jioni ya siku hiyo Dupulikata anarudi nyumbani, umeme hakuna, mke wa Mbuyi anasikia nyayo gizani. Yeye humtambua mumewe kwa kikohozi kabla ya hodi. Anasema maneno manne tu: "Leo kikohozi iko wapi?" Mama anayecheza mke aliyasema mara ya kwanza kwa mshangao. Mara ya pili aliyasema taratibu, kama mtu anayeuliza njia usiku. Tumechukua ya pili.

Tarehe 21 Juni

Tuliangalia Blade Runner kwenye kompyuta ya kijana hadi betri ikaisha, ikabidi tumalizie siku iliyofuata. Ni filamu ya 1982, na Los Angeles yao ilikuwa ya mwaka 2019, ambao sisi tulishaupita bila hata magari kuruka. Humo watu wa kuundwa wa aina ya Nexus-6 wamewekewa kikomo cha miaka minne. Lakini aliyenishika ni Rachael. Hajui kwamba ameundwa. Kumbukumbu za utotoni alizonazo zilichukuliwa kwa mpwa wa mwenye kampuni, na anapoanza kushukiwa analeta foto ya mama yake kama ushahidi.

Muzee alikuwa amesinzia. Aliamka hapo kwenye foto. "Foto haishuhudie kitu," akasema. "Miye niko na foto nimeegemea gari. Gari ya mwenye studio." Akasinzia tena.

Tumejifunza nini kwa ajili ya mchezo wetu? Kwamba kumbukumbu ya kuazima si uongo mtupu. Dupulikata anakumbuka harusi ya Mbuyi, anakumbuka harufu ya moshi wa kiwanda, anakumbuka mwaka 2003 ambapo wafanyakazi zaidi ya elfu kumi walitoka mgodini kwa mpango ulioitwa départ volontaire, yaani kuondoka kwa hiari, na utani wa watu kwamba katika maneno hayo mawili ni la kwanza tu lililokuwa kweli. (Utani huo ni wangu, Muzee ameukubali.) Anakumbuka vyote hivyo, ila vimekoma siku aliponakiliwa. Baada ya hapo, Mbuyi ana siku zake za chai na yeye ana siku zake za mlolongo. Mlolongo haukunakiliwa kwa yeyote. Wale watu, majina yao, nani ana mtoto mgonjwa, nani anauza nafasi yake kwa franka mia tano, jiwe lipi ni la nani usiku nafasi zinapowekewa mawe: hivyo Mbuyi havijui. Ni mali ya kwanza ya Dupulikata.

Kwa hiyo hakatai kusubiri. Siku mwana wa Mbuyi anapopiga simu kutoka Ulaya na kusema mashine irudishwe dukani, ni mlolongo anaouombea: "Kesho Dupulikata iko na nafasi ya ine."

Nafasi ya nne, baada ya miezi saba. Nilipoandika mstari huo nilitoka nje nikatembea kidogo.

Tarehe 28 Juni

Umeme ulikatika tukiwa tunahifadhi. Kipindi cha tatu chote kimepotea, pamoja na ule ukimya wa kikohozi. Kijana amekaa na kichwa mikononi. Yaya amenunua kadi ya kumbukumbu kwa pesa ya mchele.

Tutarekodi upya wiki ijayo. Muzee anasema ya pili itakuwa nzuri zaidi. Naye kijana ananong'ona kwamba ya pili ni dupulikata.

Tarehe 5 Julai

Imerekodiwa upya. Si nzuri zaidi. Inatosha.

Tarehe 12 Julai

Leo tumegombana, na nimeshindwa, na afadhali nimeshindwa.

Wasomaji wanaotoka kwa Waluba wa Kasai watakuwa wameshashika jambo ambalo sijalisema. Jina Mbuyi halitolewi ovyo. Ni jina la pacha wa kwanza. Wa pili ni Kabanga. Mzee anayeitwa Mbuyi aliye peke yake ni mzee aliyewahi kuwa na mwenzake. Niliweka jina hilo makusudi. Katika kipindi cha nne inafunuka kwamba Kabanga alifariki akiwa na siku chache. Baada ya ule ugomvi wa iko mbele ya wageni, usiku, Mbuyi anakuja kuomba radhi, na anachoweza kutoa ni hicho: "Dupulikata si jina. Kuko jina moja ilibakia."

Katika rasimu yangu, mtu wa kuundwa analikataa. Nilijivunia sana hotuba yake. Amekwishakuwa nakala ya mmoja, hataki kuwa mbadala wa mwingine. Mwenye kujitambua hujichagulia jina. Kurasa mbili.

Muzee aliisoma kimya, akavua miwani. Akaniuliza kama nina ndoyi. Ninaye: nimebeba jina la babu mzaa mama. "Wewe uko nakala ya babu?" Nikasema hapana. "Ulimukatalia?" Nikasema hapana. "Basi huyu wako amesomea wapi?"

Nilijitetea. Nilisema mambo ya uhuru. Nilisema katika hadithi zote za aina hii ni lazima kiumbe akate kamba. Yaya akaniambia ninaongea kama nimesimama ubaoni. Mama anayecheza mke hakusema kitu, alikuwa anamenya karanga, lakini aliacha kumenya.

Muzee akaomba nafasi ajaribu jambo, bila maandishi. Kijana akawasha. Muzee akakaa kimya muda mrefu, nikadhani amesahau. Kisha, kwa sauti ya Dupulikata, akauliza: "Kabanga alikuwa anapenda nini?"

Akajigeuza kidogo kwenye kiti, akajijibu kwa sauti ya Mbuyi, na kikohozi: "Hakuna mwenye anajua. Alikuwa wa siku sita."

Kimya.

"Hakubakisha kitu ndani?"

"Hakuna."

"Basi ni pa mutu."

Hapa neno lilimtoka vibaya, alitaka kusema patupu, ulimi ukateleza, ikatoka pa mutu, mahali pa mtu. Alitaka kurudia. Sote wanne tulipiga kelele asirudie.

Nililala nikiwaza. Kila kitu alichonacho yule kiumbe kimekuja kikiwa kimejaa: uso umejaa miaka ya mwingine, sauti imejaa, hata kikohozi. Jina la Kabanga ndilo kitu pekee anachopewa ambacho hakina kumbukumbu ya yeyote ndani yake. Mimi nilimwandikia alikatae kwa sababu nilikuwa nimesoma vitabu. Kurasa zangu mbili nimeziwekea nyuma ya daftari la Yaya, zitafaa kwa mahesabu.

Tarehe 26 Julai

Usikilizaji wa majaribio, uani kwa Yaya. Spika ya kukodi, viti vya plastiki, kahawa ya tangawizi. Tumewachezea vipindi vinne. Cha tano bado.

Sikuwauliza kama wamependa. Watu wa heshima watasema wamependa. Niliwaacha waongee, nikakaa pembeni na kalamu, nikasikiliza irabu.

Mama anayeuza makala, yaani mkaa, alisema iko vipindi vyote vinne, na hakuyumba. "Ile iko mashini. Inakula pesa ya bure." Lakini ndiye aliyeuliza kama usiku wanaiacha nje kwenye baridi. Fundi wa viatu alikuwa na eko tangu kipindi cha kwanza, nilipomuuliza sababu akasema sauti ni ya Muzee, na Muzee anamfahamu, atamwitaje kitu? Hapo nikaona tundu katika jaribio langu zima. Mwalimu mwenzangu alizungumza kwa Kifaransa, il, il, il, akanitoroka.

Binti wa darasa la sita alinisumbua zaidi. Alipotaja mlolongoni alisema eko. Alipotaja nyumbani kwa Mbuyi alisema iko. Nilidhani amekosea, nikamrudisha nyuma kwa ujanja mara mbili. Hakukosea. Kule mlolongoni Dupulikata ana watu wanaomngojea. Nyumbani ana mahali pa kuwekwa, karibu na mlango. Sikumwambia kitu. Nimeandika upya mstari wa mke katika kipindi cha tatu ili eko imtoke siku anapokuja kumtafuta mlolongoni, sio jikoni. Tutalazimika kurekodi tena. Kijana bado hajui.

Jambo moja zaidi. Kikohozi kilipokosekana, kabla ya mtu yeyote kusema neno, mzee mmoja aliyefanya kazi mgodini alikohoa. Sijui kama alikusudia.

Tarehe 9 Agosti

Kipindi cha tano.

Mwaka 1637 mwanafalsafa Mfaransa Descartes aliandika kwamba kama kungekuwa na mashine zenye umbo letu, tungezitambua kwa dalili mbili: hazingeweza kupanga maneno kujibu chochote zinachoambiwa, na zingeshindwa katika kazi ambazo hazikuundiwa. Ni katika kitabu kile kile chenye "nafikiri, kwa hiyo niko", kurasa chache mbele. Miaka yote nimewafundisha vijana hilo la "nafikiri" na kuwarukisha hilo la mashine kwa sababu mtihani hauliulizi. Dalili zake zote mbili Dupulikata wa kwenye vitabu alishazipita zamani. Wetu hatapimwa kwa maswali. Ataitwa tu jina.

Siku ya malipo, Mbuyi ameamua kwenda mwenyewe, kwa miguu yake. Hajamwambia yeyote. Dupulikata naye ameondoka saa tisa usiku kama kawaida, kwa sababu leo ni nafasi ya kwanza. Karani anafungua dirisha, anatafuta kwenye orodha, anaita: "Mbuyi!"

Sauti mbili, sehemu mbili za mlolongo, kwa wakati mmoja: "Niko."

Karani anainua kichwa. Mwisho.

Ndiyo, najua. Nani analipwa? Yaya amenigombeza juu ya hilo siku nzima. Nani pia amejibu kwa jina la nani, kwa kuwa tayari anaitwa Kabanga? Alisahau, alizoea, au aliitikia kwa ajili ya kaka yake asije akakosa? Niliandika majibu matatu na Muzee aliyacheza yote matatu, na kila mara pumzi ya karani ilikuwa nzuri kuliko jibu.

Tumerekodi neno hilo moja kwa saa mbili na nusu. Mara ya kwanza Muzee alisema kama Mbuyi, karibu na maikrofoni, koo likiwa zito. Kisha akasogea hatua tatu, akasema kama yule mwingine. Tukarudia hadi chai ikapoa mara mbili. Kijana alipochoka aliacha kuandika majina ya mafaili, akaweka namba tu, moja hadi kumi na nane.

Usiku tuliketi kuchagua mawili. Kijana akacheza la tano, la kumi na moja, la tano tena. Nikasema la tano ni Mbuyi. Yaya akasema hapana, Mbuyi ni la kumi na moja. Umbali wa hatua tatu ndani ya chumba chenye magodoro hausikiki kama tulivyodhani, na katika neno fupi hivyo hakuna nafasi ya kukohoa.

Tukamgeukia mwenyewe. Muzee akavaa spika za masikioni, akafumba macho. Akaomba la tano. Akaomba la kumi na moja. Akaomba la tano mara ya tatu, akainua kidole kama mtu aliyekaribia, akakishusha.

"Weka zote mbili," akasema, akauliza kama chai imebaki.